Jinsi Issa Alivyokuwa Akiinuka

Kila nikisikia honi ya mpira, ile ya kubinywa kwa mkono ambayo wachuuzi huifunga kwenye usukani wa baiskeli, miguu yangu husimama kabla sijaamua kusimama. Hapa Dodoma ninakoishi sasa kuna muuza maziwa anayepita nayo asubuhi. Mlio wake ni wa kuchekesha, kama bata aliyekanyagwa. Majirani hutoka na sufuria zao mara moja. Mimi hungoja ndani mpaka mlio unyamaze, ndipo hutoka kumkimbilia huko mbele ya mtaa, naye amekwisha kuzoea, ananiita mteja wa kuchelewa. Sijawahi kumweleza sababu. Ninyi nitawaeleza.

Nilipokuwa mdogo tulikaa Shangani, Mtwara mjini, mtaa mmoja nyuma ya barabara ya pwani. Baba alifanya kazi bandarini na mama alifundisha shule ya msingi niliyosoma mimi. Wote wawili walikuwa wenyeji wa Bukoba, wakahamishiwa kusini wakiwa vijana, wakabaki. Ndani ya nyumba nilisikia Kihaya, nje ya mlango nikasikia Kiswahili cha Wamakonde, na mpaka naanza shule sikujua kwamba hizo ni lugha mbili. Kwenye kona yetu palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, saruji na mabati na misumari. Mbele yake, kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya, alikaa mlinzi wa usiku na bunduki mapajani.

Mlinzi huyo tulimwita Baba Salome, kwa jina la binti yake ambaye nilikaa naye dawati moja. Alikuwa Mngoni wa Songea, mtu mpana, mpole, mwenye kikohozi. Zamu yake ilikwisha asubuhi mwenye duka alipokuja kufungua, na mwenye duka hakuwa mtu wa kuwahi. Kwa hiyo asubuhi zote Baba Salome alikuwepo pale akingoja, Salome akimletea chai kwenye chupa kabla hatujaenda shule, na jirani yake, Mama Chiku, akikaanga chapati chini ya mwavuli uliopauka. Harufu ya kona ile ilikuwa mafuta ya chapati, saruji, na muda si mrefu, samaki.

Samaki waliletwa na Issa. Issa alikuwa Myao, mwembamba, kijana ambaye hakuwa ameoa bado na aliyekaa na mama yake Mikindani. Alfajiri alichukua changu na vibua kwa wavuvi wa huko, akawapanga kwenye tenga, akawafunika kwa gunia lililoloweshwa, akapiga pedeli hadi kwetu. Alipofika shati lilikuwa limegandana na mgongo, lakini barakashia yake ilikuwa nyeupe kama imetoka kabatini. Honi ilitangulia. Ikilia, watu walisogea kwenye kona, na si wote waliokuwa wakitaka samaki.

Inabidi niwaambie jambo moja wale msiotoka kusini. Wangoni na Wayao ni watani. Mababu zao walipigana na kutekana, na vita vilipokwisha wajukuu walibaki na ruhusa ya kutukanana bila mtu kukasirika. Mtani anaweza kuingia kwako akafunua sufuria, akala, akalaani upishi wako, nawe ukacheka. Na kuna kazi ambayo ni yake peke yake. Kukiwa na msiba, mtani ndiye anayekuja kuvaa nguo za marehemu, kuigiza mwendo wake na sauti yake, kuwachokoza wafiwa hadi wale na hadi walie ipasavyo. Msiba ambao watani hawakuja husemwa kwamba umepoa, na wafiwa hulikumbuka jambo hilo kwa muda mrefu kuliko wanavyokumbuka nani alileta mchele. Wazazi wangu hawakuwa na watani huku. Mama alipopita pale kwenye kona asubuhi, alisema neno lake lile lile, kwamba yeye haoni cha kucheka hapo.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Issa anabinya honi, anashuka, anapaza sauti kwamba Mngoni leo kaletewa panya wa baharini. Baba Salome hamtazami. Anakohoa, anasimama polepole kama mtu aliyeitwa na serikali, anainua bunduki. Anamwuliza mtumwa wake kwa nini amechelewa. Issa anajibu kwamba hiyo si bunduki, hiyo ni fimbo ya kuendea chooni, na kwamba Wangoni walishindwa kuwapiga Wayao kwa mikuki, sembuse kwa bomba la maji. Hapo Baba Salome anafumba jicho moja na kusema pwaa kwa mdomo. Na Issa anakufa.

Alikuwa hodari sana wa kufa. Alizunguka mara moja, akashika kifua kwa mkono mmoja na barakashia kwa mkono wa pili ili isiguse mchanga, akayumba hadi apate mahali safi, akaanguka. Alilala hapo macho wazi, ulimi nje. Kisha akafungua jicho moja kumtafuta Mama Chiku, akamwuliza kama kuna chapati ya marehemu. Akainuka, akajipangusa magoti, kisha viwiko, kisha akaipuliza barakashia ambayo haikuwa na vumbi hata kidogo, naye Baba Salome akajichagulia kibua kwenye tenga kuwa ngawira yake ya vita. Mama Chiku alicheka mpaka akakaa chini. Madereva wa bodaboda walimzawadia makofi. Mimi na Salome tulichelewa shule kwa ajili ya kifo hicho mara nyingi.

Bunduki haikuwa na risasi. Jambo hilo lilijulikana mtaa mzima. Mwenye duka alizifungia ndani, kwa kuwa, kama alivyosema mwenyewe kwa kila mtu, alimwogopa mlinzi mwenye risasi kuliko mwizi asiye nazo. Lakini juma moja wezi walivunja ghala upande wa pili wa mji, na mwenye duka akashtuka. Jioni moja alimpa Baba Salome risasi, akamsimamia hadi akaziweka ndani ya bunduki, akaenda zake kulala.

Asubuhi ilikuwa kama nyingine. Nilikuwa nimetumwa chapati. Salome alikuwa ameshika kifuniko cha chupa ya chai, ananimiminia kidogo kwa siri. Honi ililia, Issa akashuka, panya wa baharini wakatajwa, mtumwa akaulizwa kwa nini kachelewa. Bunduki ikainuka. Ule mlio sikuusikia kwa masikio, niliusikia kwa meno.

Issa alianguka. Na watu walicheka. Naomba mnielewe vizuri hapa, kwa kuwa jambo hili baadaye halikusemwa na mtu yeyote. Tulicheka. Si kwa muda mrefu, lakini kicheko kilitoka, kwa sababu kila siku alianguka na kila siku tulicheka, na mlio ule mkubwa tulidhani ni kitu kipya walichokiongeza. Mtu mmoja alipiga makofi. Kilichoninyamazisha mimi ni barakashia. Issa hakuishika. Ilibingirika peke yake ikaenda kutulia ukingoni mwa mtaro.

Baba Salome alikuwa bado anatabasamu, akimngoja.

"Inuka, mtumwa wangu," alisema. "Watoto wanachelewa shule."

Akasema tena inuka, safari hii sauti haikutoka, midomo tu ndiyo iliyosogea. Kisha akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, na mguu uliofungwa waya ukavunjika, akabaki hapo chini na bunduki juu yake hadi polisi walipokuja.

Kabla ya polisi kulikuja watu. Sijui walitoka wapi wengi vile. Mama mmoja alivua kanga yake akamfunika Issa, na kijana mmoja akaifunua ili apige picha kwa simu, akafunika, mwingine akafunua tena. Mawe yalirushwa kwenye duka, na moja likampata Baba Salome usoni. Salome alikuwa bado ameshika kifuniko cha chai. Mama yangu alitokea mbio akatubeba sote wawili kama magunia, mmoja huku na mmoja huku, ingawa tulikuwa wakubwa wa kutosha kutembea. Polisi walipoondoka na mwili na mlinzi, baiskeli ilibaki pale imelala, na tenga lilikuwa tupu. Mchana ule kuna nyumba za Shangani zilizonukia samaki wa kukaanga.

Kisha yakaja maneno. Mama Chiku aliwaambia polisi, na baada ya hapo akawaambia wateja wake wote, kwamba yeye mchezo ule hakuwahi kuupenda. "Mie nilikuwa naogopa siku zote," alisema, na nadhani ilipofika jioni alikuwa amekwisha kuamini. Kila mtu alikuwa akiogopa siku zote. Kinyozi alijua kwamba wawili wale waligombea mwanamke. Mwingine alijua kwamba ni dini, kwamba Mkristo wa bara hawezi kumpenda Mwislamu wa pwani hivi hivi, na palikuwa na jioni moja ambapo baba alitukataza kutoka nje. Redioni watu walipiga simu kutoka mikoa ya mbali kuuliza ni utani gani huo wa kuoneshana bunduki, wengine wakicheka hewani, wengine wakitaka utani wote upigwe marufuku. Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano akaupiga marufuku kweli, hapo hapo, huku akifuta jasho. Yeye pia alikuwa mteja wa asubuhi pale kwenye kona. Shuleni wavulana walicheza Issa wakati wa mapumziko, wakizunguka na kuanguka, hadi mama alipowachapa fimbo mbele ya mstari na kulia huku anawachapa.

Dawati langu lilikuwa na nafasi. Salome hakuja tena shule. Mwenye nyumba wao alikuwa amempa Mama Salome muda mfupi wa kutafuta mahali pengine, kwa upole, kwa usalama wao, alivyosema. Nilichokitaka mimi katika dunia yote kilikuwa kimoja, Salome asiondoke, na nilidhani ni jambo ambalo wakubwa wakikaa wakaongea litawezekana.

Mama Salome alikuja kwetu kwa mlango wa jikoni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, na siku zote alikuwa akiingia akimtania hata mama yangu ambaye si mtani wake. Siku ile alikaa kwenye kigoda akatazama mikono yake. Issa alikuwa amekwisha kuzikwa Mikindani. Watu walisema mama yake, Bi Somoe, hajalia wala hajala, anakaa tu kwenye mkeka kama mtu anayesubiri gari. Na walisema hakuna mtani hata mmoja aliyetokea. Wangoni wachache waliokuwa Mtwara walikuwa wamefunga milango.

"Nakwenda," alisema Mama Salome.

Mama alimwambia asithubutu, watampiga.

"Mwalimu, nisipokwenda, nimekubali kwamba Issa aliuawa na adui yake. Nikienda watanipiga, sawa, lakini watanipiga nikiwa mtani wao."

Maji yalikuwa yakichemka, mama hakuyaepua. Kisha akavua aproni akasema atakwenda naye, maana mwalimu hapigwi ovyo, na watoto waje pia, maana mtu huona haya kupiga mbele ya watoto. Mpaka leo sijui kama alituchukua kwa huruma au kama ngao. Nadhani ni vyote.

Nyumba ya Bi Somoe ilikuwa moja ya zile za mawe za zamani, ukuta wake wa mbele umepasuka na mgagani umeota kwenye ufa. Uani wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka, ubani ukifuka, sufuria kubwa ya wali ikiwa juu ya mafiga na hakuna mtu aliyekuwa na haraka nayo. Baiskeli ya Issa, iliyorudishwa kutoka Shangani, iliegemezwa ukutani. Tulipoingia mazungumzo yalikatika, kuanzia karibu na mlango hadi kule nyuma. Mama Salome hakusalimia. Mtani hasalimii. Alifungua furushi alilokuja nalo, akatoa shati la mwanaume, akalivaa nje ndani juu ya gauni lake. Akaiendea baiskeli. Akabinya honi.

Mtoto fulani alianza kulia. Mwanamke mmoja akasimama akasema mtoeni huyu, na wengine wakaitikia. Lakini Mama Salome alikwisha kuishika baiskeli, anaitembeza kati ya mikeka kwa ule mwendo wa Issa wa kuchechemea kidogo, na kwa sauti ya Issa kabisa, ile ya puani, akatangaza changu, vibua, panya wa baharini. Akasimama mbele ya bibi mmoja akamwambia samaki huyu ni wa leo, ni macho yako tu ndiyo ya jana. Ndivyo Issa alivyokuwa akisema. Mtu mmoja aliguna, kicheko kilichozuiwa. Akaenda kuhimiza wali, akafunua sufuria, akasema kwa Wayao mawe huiva kabla ya mchele.

Kisha akafika mbele ya Bi Somoe, na hapo akakwama. Nilimwona akikwama. Mtani huigiza kile ambacho marehemu alijulikana nacho kuliko vyote, na Issa, kila mtu pale alijua, alijulikana kwa kuanguka. Tulisikia ubani ukipasuka kwenye makaa.

Bi Somoe aliinua uso. Alikuwa mzee mdogo, mwembamba kama mwanawe.

"Mie sijaona hata siku moja," alisema. "Nyie wote wa Shangani mmeona. Nilikuwa nikihadithiwa tu. Nionyeshe."

Mama Salome aliilaza baiskeli. Akazunguka mara moja, mkono mmoja kifuani, mkono mwingine kichwani ukiishika barakashia isiyokuwepo. Akayumba akitafuta mahali safi. Akaanguka kwenye mchanga wa ule ua, kwa kishindo, mwanamke mzima, na akabaki pale, na mgongo wake ukaanza kutikisika. Hakuwa akiigiza tena. Salome alinibana mkono hadi kucha zikaingia. Wanawake walipiga kelele sasa, mmoja alitema mate, wengine wawili wakamshika Mama Salome mabega wamburute nje.

"Mwacheni," alisema Bi Somoe. Hakupandisha sauti. Kisha akamwinamia yule aliyelala. "Haya, mtani. Sasa nionyeshe alivyokuwa akiinuka."

Ilichukua muda. Mama Salome alikusanya magoti yake kwanza. Akasimama. Uso wake ulikuwa na mchanga na machozi na kamasi. Akajipangusa magoti, kisha viwiko. Kisha akaivua ile barakashia isiyokuwepo, akaitazama, akaipuliza vumbi, akaivaa. Na kwa sauti ya Issa iliyokuwa imekwama nusu, akauliza kama kuna chapati ya marehemu.

Bi Somoe alicheka. Sauti moja tu, fupi. Halafu ikageuka kuwa kile kilio kilichokuwa kikisubiriwa na nyumba nzima, na akalia kwa muda mrefu akiwa amemshika Mama Salome shati lile, na baadaye akaletewa uji, akaunywa.

Nilirudi nyumbani nikiamini mambo yamekwisha na Salome atabaki. Hayakwisha. Shangani ilipopata habari ilisema kwamba Mngoni yule amemuua Issa mara ya pili, mbele ya mama yake. Mama Chiku alilisema kwa uchungu kuliko wote. Bi Somoe alituma mtu kusema kwamba yeye hana neno na mtani wake, lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza Bi Somoe, na wengi walisema huzuni imemvuruga akili. Mwenye nyumba aliondoa mlango wa choo chao. Asubuhi moja Mama Salome na Salome walipanda basi la Songea. Salome aliniachia kile kifuniko cha chupa ya chai. Baba yake alifungwa kwa kuua bila kukusudia. Mahakamani alipoulizwa kwa nini, alisema mkono ulizoea.

Kwa miaka mingi nilidhani nimeielewa siku ile. Nilifikiri Bi Somoe alikuwa amesamehe, na ndivyo nilivyoisimulia kwa watu, kama hadithi ya msamaha. Kuhusu mtaa wetu nilifikiri ulikuwa na roho mbaya. Baadaye, nikiwa mtu mzima, niliona kwamba haukuwa na roho mbaya kuliko mitaa mingine. Ila habari za Mama Salome kuanguka pale uani zilipofika kwetu, kila aliyekuwa akija kwenye kona yetu asubuhi aliusikia tena mlio wa kicheko chake mwenyewe, na mtu aliyemkumbusha hilo isingewezekana akabaki kuwa jirani.

Kuhusu Bi Somoe, nilichelewa zaidi kuelewa. Mwaka juzi baba alifariki. Katika simu yangu kulikuwa na picha zake nyingi, za harusi, za kustaafu, za Krismasi, na sikuzitazama. Nilichokitazama, kila siku kwa miezi, ni video fupi niliyompiga kwa bahati tu, baba akiinuka kwenye kiti. Anashika magoti, analalamika kwa Kihaya, anainuka, anajipangusa suruali ambayo haina kitu. Basi. Ikiisha, naianza tena.

Bi Somoe hakuwa na simu. Aliyekuwa naye ni mtani.